Samaki wa Mzee Dale na Barafu ya Westerville

Yule mwanamke wa kwenye video, aliyekaa sakafuni jikoni kanisani na mfuko wa maji kifuani, ni mimi. Najua wengi wenu mmeiona, maana ilitoka Columbus ikafika Louisville kabla mimi mwenyewe sijarudi, na najua kila mtu ana maelezo yake (kuna waliosema nimerukwa na akili, kuna waliosema nilikuwa nanyonyesha samaki, na dada mmoja wa kwaya ambaye simtaji alisema ni mambo ya uganga). Kwa hiyo afadhali niseme mwenyewe, hata kama kila nikianza kuisimulia natamani ardhi ipasuke niingie.

Mnakumbuka nilikuwa ghala la Okolona, kufunga maboksi, mpaka mgongo ukagoma, ndipo binamu yangu Generoza akanitafutia kazi ya kutunza wazee majumbani. Mzee wa kwanza niliyepewa ndiye Mzee Dale. Mjane, miguu imechoka lakini akili inakata kama wembe, na sebuleni kwake kulikuwa na tangi la kioo refu kama kitanda, limejaa maji ya chumvi na mawe na matumbawe ya kila rangi, na ndani yake samaki wawili tu. Wawili tu, wa rangi ya chungwa, kila mmoja na mistari mitatu myeupe, mkubwa hazidi kidole changu cha kati. Siku ya kwanza nilijisemea, haya ndiyo maisha ya Wazungu, tangi la kuoga familia nzima kwa ajili ya samaki wasiotosha kijiko.

Nilimuuliza swali la kijinga, yupi mume na yupi mke, nikidhani kama kwa binadamu na kuku yule mkubwa ndiye baba. Mzee Dale akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia samaki hawa wote huzaliwa madume, wote kabisa, na katika nyumba moja yule anayekuwa mkubwa kuliko wenzake ndiye anayegeuka jike, na jike akifa mume wake hukua na kugeuka jike yeye, na maisha yanaendelea. Nikamwambia Mzee, hayo usinifanye niyaseme kanisani. Akacheka tena. Tangu siku hiyo nikawaita Mkubwa na Mdogo, na yeye akayajifunza majina hayo, akawa anayatamka vibaya kwa raha zake.

Miaka mitatu alinifundisha mambo yao. Walikuwa wanaishi ndani ya mnyama mmoja laini, ukimwona utadhani ni ua, ana vidole vingi vinavyowasha kama upupu, samaki mwingine akimgusa anakufa, lakini hawa wana ute mwilini unaowakinga, kwa hiyo wanalala humo kama mtu kwenye blanketi na hawatoki mbali, hatua mbili tatu tu na kurudi. Mkubwa akitaga, alitaga juu ya jiwe lililo karibu na mlango wa nyumba yao, mayai ya chungwa kama punje za ulezi, na Mdogo ndiye aliyeyalea, anayapepea kwa mapezi usiku na mchana, lililoharibika analitoa kwa mdomo. (Nimewajua wanaume wengi, hakuna hata mmoja wa namna hiyo.) Mzee aliniambia ndugu zao wako hata Tanzania, kwenye miamba ya matumbawe pwani kote, kwenye maji ya moto na yasiyo na kina kirefu, akaniuliza kama niliwaona utotoni. Nikamwambia mimi ni Mrundi nimekulia kambini Kigoma, bahari sijaiona hata kwa mbali, samaki niliyemjua ni dagaa wa ziwani, tena mkavu.

Na kitu kimoja alikisema mara moja tu hakukirudia. Kwamba wale samaki aliwanunua na mkewe, miaka kumi na minane iliyopita, wakiwa wadogo kama kucha, na kwamba mkewe alipokuwa anaumwa kitanda chake kilihamishiwa pale sebuleni ili awaangalie.

Sasa mwezi wa kwanza Mzee akaanguka bafuni, na binti yake Lori anayeishi Buffalo akasema basi, Baba anakuja kukaa kwangu. Mafundi wakaja wakalihamisha tangi, mawe, yule mnyama wa upupu, kila kitu, lakini samaki wakaambiwa wasubiri kwanza maji ya kule yatulie, kwa hiyo wakabaki kwenye kitangi kidogo jikoni kwa Mzee, na mimi naenda kila siku kuwalisha katika nyumba tupu. Halafu Lori akanipigia. Akasema Baba hali chakula vizuri, anawaulizia samaki, anakuulizia wewe, unaonaje ukiwaleta mwenyewe ukabaki huku huku, chumba kipo, kazi ya kudumu.

Mnajua mlivyonifanyia pale kanisani kwetu Beechmont. Mliniaga. Mlinipa masufuria, mlinipa kitenge, mchungaji aliniwekea mikono, kwaya ikaimba, mimi nikalia, Generoza akalia, na kesho yake chumba changu akakipangisha kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimeagwa kabisa, kama maiti.

Maagizo ya Lori yalikuwa mafupi. Kila samaki kwenye mfuko wake wa plastiki, maji nusu na hewa nusu, mifuko ndani ya deli, lile sanduku la kuhifadhia baridi ambalo pia linahifadhi joto, taulo juu yake, na vile vipakiti vinavyotoa joto ubavuni. Usisimame njiani ila kwa mafuta. Fika saa kumi, maana Jumapili hiyo Baba anatimiza miaka themanini na ndugu wote watakuwepo.

Njia ya kwenda Buffalo inapita Columbus. Na Columbus, upande wa Westerville, yuko kaka yangu Onesmo, na Jumapili hiyo hiyo mtoto wake wa kwanza alikuwa anawekwa wakfu kanisani, baada ya kumsubiri miaka tisa. Nilikuwa nimeshamwambia sitaweza. Akasema, "Sawa, Dada. Ila mtoto hana shangazi mwingine."

Niliondoka Louisville alfajiri, gari limejaa masufuria na mabegi, deli limekaa kiti cha mbele limefungwa mkanda kama abiria, na mpaka nakaribia Columbus nilikuwa mtu mwema. Halafu nikaliona lile bango la kutokea Westerville, nikaangalia saa, saa tatu na nusu asubuhi, nikasema nusu saa tu. Nimshike mtoto, apigwe picha na shangazi yake, niondoke. Na kitenge mlichonipa nilikuwa nimeshakivaa, sitawaficha, nilitaka wanione nacho.

Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nikasema samaki siwaachi garini watakufa, nikalibeba deli mpaka ndani, nikaliweka kwenye korido karibu na mlango wa jikoni ambapo palikuwa na joto zuri. Akili yangu ikaishia hapo. Si ningechungulia jikoni niseme jamani hili deli msiliguse? Mlango ulikuwa hatua nne. Lakini kwaya ilikuwa imeshaanza, viti vya mbele vinajaa, na mimi nilitaka kiti cha mbele.

Mnajua ibada zetu. Nusu saa ikawa saa nzima, saa nzima ikaanza kuzaa nyingine, kwaya ya akina mama, kwaya ya vijana, mgeni kutoka Dayton kasimama kutoa salamu fupi zikawa hotuba, na mimi kila nikitaka kuinuka Onesmo ananiangalia. Mwishowe wakatuita mbele. Nikamshika mtoto. Mzito, anatoa harufu ya maziwa, amenishika kidole, na mchungaji ameshainua mkono aanze kuomba, ndipo mtu mmoja akapanda akampa karatasi. Mchungaji akaisoma kimya, akaisoma tena, akasogeza kipaza sauti.

"Samahani wapendwa, kuna tangazo kutoka jikoni. Mwenye samaki kwenye deli afike. Wanasema samaki wake hawajisikii vizuri."

Watu wakacheka, kicheko kizuri tu cha kanisani. Mimi sikucheka. Mimi nilimpa mchungaji mtoto, nilimtia mikononi pamoja na kipaza sauti chake, nikashika kitenge nikakimbia katikati ya kanisa, na spika zote zikawa zinatoa kilio cha mtoto wa kaka yangu.

Jikoni walikuwepo akina mama watano, na katikati yao Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, mkubwa wa jiko, amesimama juu ya deli langu. Deli lilikuwa limejaa barafu mpaka juu. Chupa za soda zimechomekwa kila upande.

"Bon, tuliona ile sanduku pa korido," akasema, "tukazani njo ya masoda. Kulikuwa taulo, tukasema ni ya kushika baridi. Tukamwaga barafu, mifuko tatu. Donc, mi naingiza mukono nipange chupa, naona kitu inaniangalia." Halafu akaongeza, kwa nia njema kabisa, "Hii samaki yenu iko kidogo sana, ata ya kukaanga haifae."

Nilipiga magoti nikaanza kuchimba barafu kwa mikono. Mdogo alikuwa chini, taulo lilikuwa limemfunika, maji yake yalikuwa ya baridi lakini alitikisa mkia. Mkubwa mfuko wake ulikuwa umebanwa ubavuni, barafu juu na barafu pembeni, maji kama ya kisima cha alfajiri, na yeye amelala ubavu, mdomo unafunguka na kujifunga polepole. Samaki wa maji ya moto, ambaye maisha yake yote hajawahi kuonja baridi. Sikufikiri. Nilifungua vifungo vya blauzi, nikautia ule mfuko kifuani kwenye ngozi, nikajifunika kitenge, nikakaa sakafuni na kuukumbatia. Ndiyo hiyo video. Kuna mtu alikuwa mlangoni na simu.

Kanisa likaanza kuja jikoni, kidogo kidogo, mwishowe mlango ukajaa. Mchungaji akaja, bado kambeba mtoto. Akaniuliza kwa upole, "Dada Spesioza, ni samaki wa nani?" Nikamwambia ni wa mzee ninayemtunza. Akaniuliza, "Tuombe?" Nikamwambia ndiyo, tuombe. Na tuliomba, sidanganyi, watu wazima wamefumba macho kumwombea samaki wa urefu wa kidole, na kuna aliyeanza kucheka katikati ya maombi akajifanya anakohoa, na mimi pale chini sikuona cha kuchekesha, nilikuwa nasikia ule ubaridi ukiniingia mbavuni na hakuna kinachotikisika. Waliposema amina nikautoa mfuko. Mashavu yake yalikuwa yamesimama, hapumui tena. Rangi ya chungwa ilikuwa bado inang'aa kama alivyokuwa jana yake alipokula mkononi mwangu.

Onesmo alikuwa amesimama nyuma ya mkewe. Hakunifokea. Alisema tu, "Dada. Samaki?" Akageuka, akamchukua mtoto wake kwa mchungaji, wakarudi kanisani kumalizia wakfu bila shangazi. Kwa hiyo hata kile nilichokatia kona sikukipata. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana miguu minne.

Hapa ndipo ningewaomba mfikirie mlivyo nyinyi, watu wenye akili. Mngefanya nini? Mngepiga simu. Mngesema Lori, limetokea hili na hili. Simu ilikuwa kwenye pochi. Mimi nilimfunga Mkubwa kwenye leso ya karatasi ya kanisa, maana nilishindwa kumtupa kwenye pipa lenye mifupa ya kuku, nikamlaza pembeni ndani ya deli, nikamwaga barafu yote, nikaomba vipakiti vingine vya joto, nikatafuta kwenye simu duka la samaki.

Duka lilikuwepo, dakika ishirini. Nilikuwa na picha ya Mkubwa kwenye simu, nikamwonyesha muuzaji, mwanamume wa makamo mwenye ndevu, nikamwambia nataka kama huyu. Akanitafutia mmoja mnene, wa chungwa, mistari mitatu, aliyekuwa anaishi peke yake. Akaniuliza unampeleka kwa mwenzake? Nikasema ndiyo. Akaanza kunieleza kwamba huyu ameshakuwa jike, ni mkali, usimchanganye na mwenzake siku hiyo hiyo, weka kioo kati yao kwa siku kadhaa, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, kichwa kinapanda na kushuka, macho yako kwenye saa ya ukutani.

Kutoka Columbus mpaka Buffalo ni masaa matano, na ukikaribia ziwa theluji inakuja ya ubavu, gari zinatambaa. Lori akapiga mara ya kwanza sikupokea. Akapiga mara ya pili sikupokea. Ya tatu nikapokea, akauliza wako salama? Nami nikasema, kwa sauti ya furaha ambayo sijui niliitoa wapi, "Wako salama wote wawili." Hakuniuliza wote wawili. Niliongeza mwenyewe.

Nilifika saa kumi na mbili jioni. Nyumba imejaa: ndugu, majirani, wajukuu, keki haijakatwa, kila mtu alikuwa ananisubiri mimi. Walinipigia makofi nilipoingia na deli. Mzee Dale alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya tangi, shati jeupe limefungwa mpaka kooni, amepungua, mikono imekuwa ya karatasi. Akanishika mkono akasema, "Spesi, umefika," kwa Kiingereza chake cha polepole, na hakuuachia mpaka Lori alipomwambia amwachie nifanye kazi.

Tuliiweka mifuko ielee juu ya maji ili joto lilingane, kama alivyonifundisha mwenyewe, na wote wakasogea. Mdogo nilimfungua kwanza. Akashuka moja kwa moja kwenye yule mnyama wake wa upupu, lakini kwa kuwa walikuwa wametengana wiki kadhaa alianza kwa adabu, akagusa kwa mkia akatoka, akagusa kwa tumbo akatoka, kisha akajitosa mwili wote akapotea ndani ya vile vidole, na chumba kizima kikasema ooh. Mzee alikuwa na machozi. Nikamfungua wa pili.

Wa pili hakushuka. Alizunguka, akaenda kona ya mbali karibu na bomba linalosukuma maji, akakaa pale anajitazama kwenye kioo. Tukasubiri. Mtu mmoja akasema labda amechoka. Mimi nikasema kwa haraka, "Ni safari, Mzee, amechoka na safari."

Mzee alikuwa amesogeza uso karibu na kioo. Akasema, taratibu, kama anayejiuliza mwenyewe, "Ameondoka hapo mwezi mmoja tu. Mbona hajui nyumba yake?"

Nikataka kusema kitu kingine cha safari. Lakini Mdogo alikuwa ametoka, masikini, amemwona mtu wa umbo la mkewe, akaja mpaka kwenye kona ile anatetemeka mwili mzima, maana ndivyo wanavyowasalimia majike wao, na yule mgeni akamrukia. Alimng'ata pezi. Akamfukuza tangi zima, akampiga kwenye jiwe, akamng'ata tena, kipande cha pezi kikawa kinaelea mbele ya macho ya watu ishirini waliovaa kofia za karatasi za sherehe, na mjukuu mmoja akaanza kulia. Mkwe wa Mzee akatafuta wavu.

Na Lori, ambaye nia yake ilikuwa kusaidia tu, alikuwa amelichukua deli kulipeleka jikoni kulisuuza. Akarudi na leso ya karatasi mkononi, imefunguliwa. Alisimama mlangoni. Ndani ya leso ile Mkubwa alikuwa bado ana rangi yake.

Mzee akanyoosha kiganja. Lori akamwekea. Akamgeuza kwa kidole kimoja upande wa kushoto, ambapo mstari wa katikati ulikuwa umekatika kidogo (mimi miaka mitatu sikuwahi kuuona mkato ule, picha yangu ilikuwa ya upande wa kulia), akaupapasa. Machozi yakamshuka mpaka kwenye lile shati jeupe na hakuyafuta, alikuwa ameshika samaki kwa mkono mmoja na mkono mwingine umeshika gurudumu, watu wote wanamwangalia, na walioshindwa kumwangalia yeye waliniangalia mimi. Kisha akamwambia Lori anataka kwenda chumbani. Keki haikukatwa. Wageni walichukua makoti yao mmoja mmoja, wakinipita kwenye korido kama unavyopita fanicha.

Nililala kwenye kile chumba kilichokuwa kiwe changu, mabegi sikuyafungua. Asubuhi Mzee akaniita. Alikuwa kitandani, nikapiga magoti pembeni, nikamweleza yote, Westerville, mtoto, barafu, duka, yote, nikamwomba msamaha kwa Kiingereza changu chote na kilipoisha nikaendelea kwa Kiswahili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kufa, samaki wanakufa," akasema. "Alikuwa ameshazeeka. Lakini ungenipigia simu kutoka Columbus, Spesi, ningelia hapa chumbani peke yangu. Umenifanya nilie mbele ya watu, siku yangu ya kuzaliwa."

Nikainuka nikaenda kuchukua mabegi.

Lori alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanisaidia hata kupakia sufuria moja niliyokuwa nimeishusha, akasema watafikiria habari ya kazi, watanipigia. Nilielewa. Nikarudi njia ile ile, Westerville nikaipita bila kugeuza shingo, nikaingia Beechmont siku mbili baada ya kulizwa na kwaya, na mtu wa kwanza kukutana naye kwenye maegesho ni Generoza, ametoka kazini, akaangalia yale masufuria kwenye kioo cha nyuma, akaniangalia mimi, akasema, "Ingia ndani kwanza." Nikalala kwenye kochi lake miezi minne. Kazi ya Okolona nikairudia na mgongo wangu. Na kaka yangu Onesmo kwenye picha za wakfu zilizotundikwa sebuleni kwake kuna yeye, mkewe, mchungaji na mtoto analia, na watu wa kanisa lile wananiita Shangazi Samaki, hata watoto.

Lori aliniandikia mara moja. Yule mgeni walimrudisha dukani, na Mdogo alipona pezi, akabaki peke yake, sasa amenenepa, amekuwa mkubwa, na Baba anasema huenda ameshageuka jike. Nilipoisoma nilifurahi kijinga, nikapiga simu Jumapili hiyo hiyo nizungumze na Mzee. Lori akasema amelala. Nikapiga Jumapili iliyofuata, akasema amelala. Ni saa nane mchana, na Mzee Dale ninayemjua mimi hakuwahi kulala mchana, alikuwa anasema usingizi wa mchana ni wa paka. Nikasema sawa, msalimie.

Kwa hiyo msiniulize tena habari ya video. Na mkinikabidhi kitu chenu, hata kama ni sufuria, nakifikisha bila kukata kona, na kikivunjika mikononi mwangu mtanisikia kwenye simu kabla sijaokota vipande. Generoza amenichoka. Juzi nilimpigia akiwa kazini kiwandani kumwambia nimepasua kikombe chake, akaniuliza ndicho ulichonitolea kwenye mashine? Nikamwambia ndiyo, nilitaka ujue ukiwa peke yako.